Mwenye kisukari apangiwe maandalizi yake ya upasuaji wa utumbo

Mgonjwa anayesubiri kupasuliwa utumbo mpana kwa kawaida huondoka kliniki na maelekezo yaleyale wanayopewa wenzake: siku moja kabla asile chakula kigumu, jioni anywe dawa ya kusafisha tumbo, na ikifika saa sita usiku asitie kitu mdomoni. Kwa asiye na kisukari, hiyo ni siku ya njaa na ya kwenda chooni kila mara. Kwa mwenye kisukari, maelekezo yasiyogusa dawa anazotumia yanaweza kumfikisha chumba cha dharura kabla hajakiona chumba cha upasuaji. Ninachodai ni kwamba maandalizi yake yaanze siku ileile upasuaji unapoamuliwa, na yaandikwe kufuatana na dawa zake na saa zake, si za wagonjwa wote kwa pamoja.

Tuuangalie usiku wenyewe. Mgonjwa anatumia glibenklamidi, dawa inayoilazimisha kongosho kutoa insulini, awe amekula au hajala. Asubuhi amemeza kidonge kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asimeze. Mchana amekunywa chai ya rangi isiyo na sukari, kwa sababu miaka yote amefundishwa kuikwepa. Jioni ameanza ule unga wa kusafisha tumbo unaochanganywa na maji, ambao kwa baadhi ya dawa hufika lita 4. Saa tisa usiku sukari imeshuka chini ya 4 mmol/L, jasho linamtoka, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka, na nyumbani wanadhani ni uchovu wa kuharisha. Siku kama hiyo chai yenye sukari au juisi iliyochujwa vizuri ndiyo chakula chake, na kupima sukari kila baada ya saa chache, usiku pia, ni sehemu ya matibabu. Ikishuka chini ya 4, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15.

Wapo wanaokosea upande wa pili: kwa kuwa hawali, wanaacha dawa zote, insulini ikiwemo. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akifanya hivyo, damu yake hujaa asidi na maisha yake huwa hatarini. Insulini yake ya muda mrefu hupunguzwa kwa kiasi anachopanga daktari, haikatwi. Kisha kuna dapagliflozini na empagliflozini, vidonge vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo. Mwaka 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilielekeza visitishwe angalau siku 3 kabla ya upasuaji uliopangwa, kwani mtumiaji akifunga anaweza kupata asidi hiyohiyo huku mashine ikionyesha sukari isiyotisha. Muuguzi anayeangalia namba peke yake atadanganyika. Mgonjwa anayekumbushwa usiku wa kuamkia upasuaji amekwisha kuchelewa.

Utumbo una sababu zake za kudai uangalifu huu. Umejaa bakteria, na ukikatwa na kuunganishwa, maisha ya mgonjwa yanategemea mshono ushike. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu hulegea katika kupambana na vijidudu na kidonda huchelewa kupona. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu maambukizi ya vidonda vya upasuaji unapendekeza sukari idhibitiwe kipindi chote cha upasuaji, na kwa utumbo mpana unasema kusafisha tumbo kuende pamoja na antibayotiki za kumeza, wala kusifanywe peke yake. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2021 unalenga wastani wa sukari wa miezi mitatu, yaani HbA1c, uwe chini ya asilimia 8.5 kabla ya upasuaji usio wa dharura.

Hapo ndipo pingamizi lenye uzito linapokuja: saratani ya utumbo haisubiri miezi mitatu. Ni kweli, na sidai mtu aachwe na uvimbe kwa ajili ya namba. Lakini kati ya siku uvimbe unapoonekana na siku ya upasuaji, tayari kuna majibu ya kipimo cha kinyama cha uvimbe yanayosubiriwa, picha za CT na familia inayochanga fedha. Mara nyingi hizo ni wiki kadhaa, nazo hupita bila mtu kumuuliza mgonjwa sukari yake ya asubuhi ni ngapi. Hata wiki mbili za kupima na kurekebisha dawa huishusha sukari ya kila siku. Utumbo uliojisokota ni jambo jingine. Hapo mgonjwa anapasuliwa haraka, na sukari inadhibitiwa papo hapo kwa dripu na insulini.

Wengine watasema vijiti vya kupimia ni ghali na wauguzi ni wachache. Gharama hiyo naiheshimu, ila mshono ukiachia mgonjwa hurudi mezani, hulala wodini wiki nyingi zaidi, pengine na mfuko wa choo tumboni. Vijiti vya wiki mbili haviwezi kufikia gharama hiyo. Na kumweka mwenye kisukari wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi, ili asifunge hadi alasiri, hakuhitaji fedha yoyote.

Wanaohusika si wachache. Kisukari chenyewe huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana, na mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba kanda yake ya Afrika ilikuwa na watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huu, zaidi ya nusu yao wakiwa hawajui. Kwa hiyo kila anayepangiwa upasuaji huu apimwe sukari, hata akijiona mzima.

Kama ni wewe au mzazi wako, msitoke kliniki kabla ya kuandikiwa mambo haya: dawa ipi isitishwe na lini, insulini ipunguzwe hadi uniti ngapi, vinywaji gani vinaruhusiwa na hadi saa ngapi kwa idhini ya daktari wa usingizi, na namba ya simu ya kupiga sukari ikishuka usiku.