Tom wa kwenye simu na Kipemba chetu

Mitihani imekwisha, matokeo bado, kwa hiyo leo nnasema la moyoni wakati bado nna furaha. Mie nasimama na Tom. Yule yule, paka wa kijivu wa kwenye simu, ukisema naye anasema, kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua. Najua mtacheka. Mtu yuko mwaka wa tatu, anasomea ualimu, kutwa yuko na paka! Chekeni, mkimaliza kaeni msikilize.

Kwa wasiomjua (sijui mlikuwa wapi): Talking Tom alitoka mwaka 2010, waliomtengeneza ni kampuni ya Outfit7 ya Slovenia. Ukimpapasa anakoroma, ukimpiga kichwani anaanguka, kuna na gilasi ya maziwa. Hayo mapambo tu. Kazi yake hasa ni moja, kurudia ulichosema. Mwaka 2017 Wachina wakainunua ile kampuni kwa kiasi cha dola bilioni 1. Bilioni jamani! Kwa paka asiyejua hata neno moja. Na sie hapa tunasoma miaka mitatu kwa... haya, tuliache hilo.

Likizo iliyopita nilimpelekea bibi yangu kule Konde. Nikamwambia paka, "Shikamoo bibi." Paka naye, "Shikamoo bibi." Bibi akafurahi, akaitika, "Marahaba mwanangu." Paka, "Marahaba mwanangu!" Lo! Bibi alimkazia macho kama kamuona mtoto wa watu kaingia na viatu msikitini. Nikamtuliza, nikamwambia ndivyo alivyo. Akasema haya, akamtolea salamu ya heshima, "Assalaam alaykum." Paka, "Assalaam alaykum." Hapo ndipo palipoharibika. "Salamu hairudishwi hivyo! Huitikii?" Paka, "Huitikii?" Wallahi nilicheka mpaka nikatoka nje. Mpaka naondoka bibi alikuwa bado anamfundisha kuitikia, na nadhani hajakata tamaa.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Siku hizi simu zina akili. Unasema, zinaandika. Unaandika, zinakusahihisha. Kiswahili zinakijua, lakini Kiswahili gani? Jaribu kuandika "kufyoma" uone. Programu niliyonayo mie inang'ang'ania kuwa nimekosea, inanitafutia neno jengine. Bibi yangu amefyoma Kurani tangu utoto wake, leo kijisimu kinamwambia neno hilo hakuna. Huko kwenye akili nyingi sie Wapemba hatumo. Twajua lilikoanzia. Mwaka 1928 waliokutana Mombasa walichagua Kiunguja kiwe ndio msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo sie wengine tukawa "lahaja". Sigombani nao, kitabu lazima kiandikwe kwa namna moja. Lakini watu walilichukua lile wakalifanya ngazi, aliye juu anamcheka wa chini.

Na tunachekwa kweli, tusifichane. Dar es Salaam niliwahi kuomba tungule dukani nikaulizwa kama ni dawa. Hiyo nafuu, maana Mzanzibari yeyote yangemkuta. Kinachouma ni ukifika Unguja mjini, hapo hapo kwetu, ukafungua mdomo tu mtu akakuuliza "wa Pemba weye?" huku anatabasamu upande mmoja. Ndio maana wenzetu wakipanda boti pale Mkoani, hawajafika Malindi lugha imeshabadilika. Hata hapa kampasi, kisiwani kwetu wenyewe, mtu akisimama mbele ya darasa anaongea kama msoma taarifa ya habari.

Tom hayo hayamhusu. Hajui Kiswahili, hajui Kiingereza, hajui sanifu wala lahaja. Yeye anangoja asikie sauti, anaidaka, ukinyamaza anakurudishia ikiwa nyembamba zaidi. Basi. Kwa vile hajui kitu, hana wa kumsahihisha. Tulimjaribu usiku mmoja chumbani kwetu. Mmoja akasoma kipande cha kazi yake ya Kiingereza, wa mjini akasema Kiunguja chake kile cha kupangusa midomo, wa Tanga naye akatia lake. Wote wametoka paka! Hakuna aliyetoka na hadhi.

Kisha simu ikafika kwa mwenzetu mmoja wa Kojani. Huyu kwa miaka miwili darasani ilikuwa "ndiyo" na "hapana", tukamdhania mpole. Kumbe! Akaanza kumhadithia paka habari za dago, wavuvi walivyokwenda kuweka kambi mbali na nyumbani, juya lilivyokwama kwenye jiwe, nani alipiga mbizi na nani alijifanya anaumwa. Tom hawezi kudaka maneno mengi kwa mara moja, kwa hiyo hadithi ikawa inakwenda vipande vipande, yeye kipande, paka kipande, kama mwalimu na wanafunzi. Tulikuwa tunacheka, lakini baada ya muda tukawa tunauliza. Hilo neno ulilosema lina maana gani? Rudia. Na akarudia kwa Kikojani chake, bila kulinyoosha. Saa saba za usiku jirani akagonga ukuta. Na namsamehe, maana kisiwa hichi sauti nyembamba usiku wa manane si kitu cha kukichukulia hivi hivi.

Rafiki yangu wa mjini ananipinga. Anasema yule paka anatufanya tujicheke wenyewe, na kwamba lahaja inataka heshima, haitaki vichekesho. Kuna kamusi ya Kipemba ya BAKIZA, anasema, someni hiyo. Nakubali, kamusi ni kazi kubwa na mie nimeifungua. Lakini kamusi imekaa maktaba, na sijamuona mtu akaigombania usiku. Heshima ya kuwekwa kabatini hata sahani za wageni zinayo. Mie nataka lugha inayotumika, na kama inayoitoa nje ni midomo ya paka wa Slovenia, basi karibu paka.

Haya, kazi kwenu. Nakusanya maneno ya kumlisha Tom wiki hii. Wa Micheweni, wa Makangale, wa Kengeja, leteni ya kwenu, yale mnayoyasema mkiwa nyumbani tu. Matusi sitaki, bibi sasa ananiomba simu kila nikienda.