Fundi wa umeme analeta mikono yake, sisi tumutayarishie kazi



Mwaka uliopita, koperative moja tunayoisindikiza ilipata mugeni. Alikuwa mutoto wa kijiji, fundi anayepanda nguzo za umeme mujini. Alikuja konje, akasema: «Siku zangu tatu ni zenu. Sitaki feza.» Watu walifurahi sana. Laini ya umeme inapita karibu na depo yao, lakini mashini yao ya kusaga ingali inakunywa mazutu. Wakamuonyesha nguzo na waya waliokwisha kununua: «Panda, utufungie.»

Akakataa. Alitengeneza vizuri waya zote za ndani ya depo, akaweka waya ya kwenda udongoni. Lakini nguzo hakuigusa, juu wenye laini hawakutoa ruhusa na umeme haukukatwa. Jioni wengine walinungunika: «Muji umemuharibu. Amesahau kwao.»

Sisi maagronome tulikuwa pale, na tunataka kusema wazi: yule fundi hakusahau kwao. Koperative ndiyo haikumutayarishia kazi. Na kosa ni letu pia, juu tulifikiri kazi ya bure haina lazima ya mupango.

Kuna fasi zingine ambako watu wamekwisha kuelewa hii. Kule Marekani, katika inchi ya Wanavajo, ambao ni wenyeji wa kwanza wa bara lile, familia zaidi ya elfu kumi zilikuwa zinaishi bila umeme. Chakula kiliwekwa katika masanduku ya barafu, na watoto walisoma kwa taa. Mwaka wa 2019, mafundi kutoka majimbo mengine walijitolea kwenda kusaidia. Kwa muda wa wiki sita hivi walifikisha umeme katika nyumba 233.

Siri yao ilikuwa nini? Shirika la umeme la Wanavajo wenyewe lilitangulia. Lilichagua nyumba, likapima njia, likatayarisha ruhusa, nguzo na waya. Na mashirika yaliyoajiri mafundi ndiyo yaliwatoa kazini na kuwatuma. Fundi alipofika, hakupoteza siku kuuliza nguzo iko wapi. Alipanda.

Kuna jambo lingine la kutugusa sisi wa koperative. Karibu 1935, mashamba tisa kwa kumi kule Marekani hayakuwa na umeme. Kampuni zilisema nyumba za wakulima ziko mbali-mbali, hakuna faida. Wakati serikali ya Roosevelt ilianza kutoa mikopo, wakulima walijiunga katika koperative na kuvuta laini zao wenyewe. Tangu 1962, umoja wa koperative zile unasaidia kufikisha umeme katika vijiji vya inchi zingine. Mafundi wao wa kujitolea wamekwenda kufanya kazi vijijini Guatemala na Bolivia. Waliosaidiwa zamani wanarudisha kwa wengine. Na muko munajua kanuni ya saba ya koperative: kuhangaikia watu tunaoishi nao.

Kwetu pia tumeona umeme unaweza nini. Kule Mutwanga, chini ya mulima Ruwenzori, mafuta ya mawese yaligeuzwa sabuni na kakao iligeuzwa shokola palepale, karibu na mashamba. Kwa hiyo hatuongei juu ya taa tu. Tunaongea juu ya bei ya mavuno yenu.

Basi, fundi akisema atakuja kusaidia, koperative ifanye nini mbele ya siku ile?

Kwanza, komite iende kwa wenye laini, iombe ruhusa kwa maandishi, na ijue siku na saa umeme utakatwa. Bila karatasi ile, musimuombe fundi kupanda. Kumusukuma aunge waya kwa siri si urafiki. Akianguka, tutamuambia mama yake nini?

Pili, mutayarishe njia. Hapa ndipo kazi yetu sisi wa kilimo inaingia. Chini ya waya, pandeni maharagi, viazi vitamu, muhogo. Musipande avoka, grevilea wala mikaratusi, juu inakua mpaka kugusa waya, na mvua ikinyesha ajali inakuja. Muti uliokwisha kukaribia waya, musiukate ninyi wenyewe: mungojee umeme ukatwe na fundi awe pale. Na mukichoma majani ya shamba, mukae mbali na nguzo za muti.

Tatu, mutie feza kidogo katika kasha. Kazi ya bure ina bei yake: kuna pikipiki, chakula, na fasi ya kulala. Fundi asitoe mikono yake na tena anunue sombe yake mwenyewe.

Ine, muchague vijana wawili, kijana mwanaume na kijana mwanamuke, wafuatane naye. Hawatakuwa mafundi kwa siku tatu, na wasipande nguzo hata moja. Lakini watajifunza kutambua nguzo inayooza, waya inayolegea, na kumupigia simu anayehusika. Watawafundisha wengine kwamba waya iliyoanguka haiguswi, hata kama inaonekana imekufa. Watoto wakae mbali, mutu mumoja alinde njia mpaka wenye laini wafike.

Tunajua wengine watasema: «Tumengoja miaka mingi, sasa munatuletea makaratasi.» Tunawasikia. Mama anayelipa bei ya mazutu kila mara akisaga mahindi ana haki ya kuchoka. Lakini waya ya siri inakatwa siku yoyote, inaweza kuunguza mashini, na inaua. Wiki mbili za kutafuta ruhusa ni bei ndogo.

Yule fundi ametuma habari kwamba atarudi konje inayokuja. Barua ya koperative imekwisha kwenda kwa wenye laini, na avoka mbili zinangoja siku ya kukatwa kwa umeme. Katika mukutano wenu ujao, muulize: ni mutoto gani wa kijiji chetu anafanya kazi ya umeme, na akija kesho, atakuta tumetayarisha nini?