Waraka kwa Wahandisi Wenzangu: Namba ya Mvua Tuliyorithi Bila Kuiuliza

Ndugu zangu wahandisi, kaka na dada tuliokula kiapo kimoja,

Nawaandikia masika yakiwa yamekatika, katika majuma haya ambayo wengi wenu mko barabarani mkihesabu makalavati yaliyong'olewa na matuta yaliyoliwa na maji. Najua uchovu wenu, na najua maneno mnayotupiwa na wananchi mnapowakuta wamesimama ukingoni mwa korongo, mizigo ikiwa kichwani. Siandiki kama mtu aliye nje ya nyumba anayenyoosha kidole dirishani. Nina muhuri kama wenu, na nina kosa langu ambalo nitalitaja hapa hapa. Jambo linalonisikitisha ni dogo kwa umbo: ni namba moja ya mvua, ile tunayoiandika mwanzoni kabisa mwa mahesabu, ambayo wengi wetu siku hizi tunaiandika bila kujua ilizaliwa wapi.

Mniwie radhi nikirudia mliyoyasoma chuoni. Chukueni eneo la kilomita moja ya mraba linalomwaga maji kwenye kalavati moja, na kizidisho cha mtiririko cha 0.4. Mkiweka ukali wa mvua wa milimita 50 kwa saa, mnapata kama mita za ujazo 5.6 kwa sekunde. Mkiweka milimita 80, mnapata karibu 8.9. Zege ni lile lile, nondo ni zile zile, mkandarasi ni yule yule, na msimamizi amepima kila mchanganyiko kwa uaminifu. Lakini kalavati la kwanza litasombwa siku ambayo la pili litasimama. Tunatumia miezi kubishana juu ya ubora wa kokoto, na hilo ni jema, ila namba iliyoamua ukubwa wa mdomo wa kalavati tunaipitisha kwa dakika tano kwa sababu ilikuwamo kwenye ripoti ya mradi uliotangulia.

Sasa niwape la kwangu. Nikiwa na miaka minne kazini nilipewa kusanifu makalavati ya barabara ya wilaya. Nilichukua mvua ya usanifu kutoka ripoti ya barabara ya jirani. Sikuuliza. Baadaye nilikuja kugundua kwamba ripoti ile nayo ilinakili kutoka nyingine, na ile nyingine ilitumia kituo kilichoko zaidi ya kilomita 200, upande wa pili wa milima, ambako mvua ina tabia yake. Mwaka wa sita baada ya barabara kufunguliwa, usiku mmoja wa Aprili, kalavati nililolisaini liliondoka na tuta lake. Zahanati ilikuwa ng'ambo. Kwa siku kumi na moja dawa zilivushwa kwa watu kuzibeba vichwani, maji yakiwa kiunoni. Hakuna aliyekufa, na hilo nalitaja kwa shukrani wala si kwa kujitetea.

Nilipokwenda kukagua, watu wa pale walinielekeza misheni iliyo mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwenye korongo. Nyuma ya kanisa palikuwa na kipimamvua, kopo la shaba lililochakaa lakini limesimama wima, nyasi zimefyekwa kulizunguka. Mzee aliyekitunza nilimwamkia, akaitikia, akanifungulia kabati. Mlikuwa na madaftari ya zaidi ya miaka arobaini, kila asubuhi saa tatu mstari mmoja kwa wino. Aliufunua ukurasa mmoja wa miaka mingi kabla sijashika kalamu ya usanifu. Pembeni mwa tarehe aliyemtangulia mzee yule alikuwa ameandika: chombo kilijaa kikamwagika. Mzee akaniuliza kama nataka ukurasa ule mmoja au madaftari yote. Nikamwambia yote. Nilikuwa nimechelewa kwa miaka kumi hivi, na alikuwapo mtu aliyeniandikia jibu tangu zamani, kila siku, bila mshahara wa kutajika.

Ndugu zangu, uhandisi wetu umesimama juu ya uaminifu wa watu kama yule. Walimu, makatekista, mabwana shamba na wasimamizi wa stesheni waliamka kila siku wakamimina maji ya kopo kwenye kikombe cha kupimia, wakasoma mstari, wakaandika. Walitimiza sehemu yao. Sehemu yetu ilikuwa kufungua daftari na kulisoma kwa akili. Anayesoma kwa akili atakumbuka, kwa mfano, kwamba siku ya kipimamvua huanza na kuisha saa tatu asubuhi, na mawingu hayaijui saa hiyo. Mvua iliyoanza alfajiri ikaendelea hadi saa sita mchana itakatwa vipande viwili, nusu iandikwe jana na nusu leo, na kilele chake kipotee. Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 wataalamu wa mvua wanatufundisha kuzidisha kilele cha mvua ya siku kwa 1.13 ili kukaribia saa 24 halisi. Ni hatua ya mstari mmoja, na ni mara ngapi tumekagua ripoti zisizo nayo, tukagonga muhuri?

Wapo kati yenu watakaonijibu kwamba tunao mwongozo. Ni kweli. Maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, TRRL, ilitoa ripoti namba 623 mwaka 1974 kuhusu mvua kubwa za Afrika Mashariki, na namba 706 mwaka 1976 kuhusu mafuriko yake. Ilikuwa kazi njema, na wazee wetu walijenga juu yake barabara ambazo bado tunazipita. Lakini tuangalie miaka. Mvua iliyomo humo ilinyesha wakati nchi zetu tatu zilikuwa na idara moja ya hali ya hewa. Mtoto aliyezaliwa siku ile ripoti ya kwanza inachapwa sasa ana zaidi ya miaka 50, huenda ana wajukuu. Waliotuandikia walitumia data yote waliyoweza kuipata siku zao. Kuwaheshimu ni kufanya kama walivyofanya, yaani kukusanya yote tuliyo nayo leo. Kuendelea kunakili ramani zao huku miaka 50 ya madaftari ikiliwa na mchwa ni kuwaheshimu kwa midomo tu.

Tuangalie pia lugha tunayozungumza na waliotutuma. Tukisema "mafuriko ya miaka 50", diwani anaelewa kwamba yakishapita mwaka huu, basi amani mpaka wajukuu. Sisi tunajua sivyo, na tunanyamaza. Maana yake ni kwamba kila mwaka yana nafasi moja kati ya 50. Daraja litakaloishi miaka 50 lina uwezekano wa karibu asilimia 64 wa kukutana nayo walau mara moja. Hata mafuriko ya miaka 100 yana karibu asilimia 40 kulikuta daraja hilo hilo katika uhai wake. Mwananchi akiambiwa hivi waziwazi anaweza kuchagua: aongeze fedha, au akubali kalavati dogo litakalofurikwa bila kubomoka. Akifichwa, tumemchagulia sisi, halafu hasara ikaja kulala kwake.

Na daftari fupi hudanganya. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikatengwa. Wengi walisema jambo hili halijapata kutokea. Lakini Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi yenyewe, na Aprili 1872 kingine kiliivunja Zanzibar. Aliyetumia miaka 30 tu iliyotangulia Hidaya angeapa kwamba pwani ya kusini haina vimbunga. Vivyo hivyo bonde la Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe, ambako mafuriko ya kuingia mwaka 2010 yaliivunja reli ya kati na kusimamisha treni kwa miezi: mto ule umekuwa ukiisumbua reli kwa vizazi, na mchanga unaoshuka milimani unaendelea kuinua kitanda chake. Na Dar es Salaam, Desemba 2011, ilinyeshewa mvua ambayo haikuwa imeonekana tangu uhuru, watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wao mabondeni. Bonde la Msimbazi halikumshangaza mtu aliyewahi kusoma historia yake.

Sasa juu ya deni hilo la kale, la madaftari tusiyoyasoma, kumekuja jipya. Hewa ikipata joto la nyuzi moja zaidi hubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, na joto la dunia limekwisha kupanda kwa zaidi ya nyuzi moja tangu kabla ya zama za viwanda. Kwa hiyo hata daftari refu na safi linaeleza mvua ya hewa iliyokuwa baridi kuliko hii. Tena msidanganywe na jumla ya msimu. Masika yanaweza kuwa haba, mkulima akalia ukame, na bado saa moja ya jioni moja ikamwaga maji ambayo mtaro wako haujapata kuyaona. Kalavati halijui wastani; linajua saa ile. Inatupasa basi kukokotoa upya grafu za ukali wa mvua kwa data ya hadi jana, kisha kuongeza sehemu ya kesho, na kuandika wazi tumeongeza kiasi gani na kwa nini. Data ya setilaiti itatusaidia palipo na mapengo, tangu miaka ya 1980, lakini tukumbuke kwamba hupima wastani wa eneo pana na hupooza vilele. Ilinganisheni na kopo lililo karibu kabla ya kuiamini.

Lakini nawasihi: tabianchi tusiifanye kichaka cha kujifichia. Nimesikia kwenye vikao vyetu, kalavati likisombwa, tunasema "mabadiliko ya tabianchi" kwa sauti ya mtu aliyeondolewa lawama. Ikiwa hatukufungua daftari la jana, hatuna haki ya kuilaumu kesho. Wala tusikubali lile shinikizo mnalolijua vizuri, pale makadirio yanapozidi bajeti na mtu akapendekeza kwa upole tupunguze kidogo mvua ya usanifu. Fedha ikipungua, tupunguze urefu wa barabara, au tusanifu kivuko kinachokubali maji kupita juu yake, na tuwaambie watu hivyo. Mvua haikai mezani kujadiliana nasi.

Tena tusiishie kwenye namba yenyewe. Aprili 29, 2024, kule Mai Mahiu nchini Kenya, kalavati chini ya tuta la reli ya zamani liliziba kwa magogo na tope. Tuta likageuka bwawa ambalo hakuna aliyelisanifu, likapasuka usiku, na makumi ya watu wakafa vitandani mwao. Kila mara tusanifupo, na tujiulize swali la pili: maji yakizidi namba yangu, au mdomo ukiziba, yatapita wapi, na nani amelala huko?

Ndugu zangu, sijakata tamaa nanyi hata kidogo. Nimewaona vijana wetu wakivuka mito kwa kamba ili kupima alama za mafuriko kwenye magome ya miti. Nimemwona dada mmoja akikaa na bibi kizee kijijini mchana kutwa mpaka akaonyeshwa jiwe ambalo maji yalilifikia enzi za ujana wake, kisha akalipima kwa darubini ya upimaji na kuliweka kwenye ripoti. Huo ndio uhandisi tulioapia. Nawaomba wakuu wa ofisi msiwaone wasumbufu vijana wanaouliza mvua hii imetoka wapi. Wapeni gari na siku mbili za kutafuta jibu. Nawaomba washauri kila ripoti itaje kituo, miaka iliyotumika, miaka inayokosekana, na jina la aliyeikagua. Na popote mtakapokuta kabati kama lile la misheni, pigeni picha kila ukurasa, mpeleke nakala Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mumshukuru mwenye funguo.

Naomba moja la mwisho, kabla vuli haijaanza. Kila mmoja wetu achukue ripoti moja aliyoisaini, aifuate namba yake ya mvua kinyumenyume, ripoti kwa ripoti, mpaka afike kwenye kopo na mtu aliyelisoma. Atakayefika aniandikie alichokikuta. Atakayeishia njiani, akakuta namba isiyo na baba wala mama, naye aniandikie, bila hofu ya kuaibishwa, ili tujue ni madaraja yapi tuanze kuyahakiki. Nimeambatanisha ripoti yangu ya barabara ile ya wilaya, yenye saini yangu, iwe ya kwanza katika orodha hiyo.

Wenu katika kiapo,

Mwenyekiti