Tunduma isisubiri kimondo chake

MPAKANI
Na Yona Simbeye

Mgeni akiuliza Songwe kuna nini cha kutazama, jibu ni moja: nenda Ndolezi. Wala hatudanganyi. Kimondo cha Mbozi kinakadiriwa kuwa na tani 16 na urefu wa mita tatu hivi, na karibu chote ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Wenyeji walikuwa wanakifahamu kabla mpima ardhi W. H. Nott hajakitangaza kwa wanasayansi mwaka 1930. Ukikizunguka utaona kimekalia nguzo: walifukua udongo pande zote, wakaacha kiasi chini yake, kisha nguzo hiyo ikatiwa zege. Serikali ilikiweka chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1967, na sasa kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kila Juni 30, Siku ya Vimondo Duniani, Mbozi hujaa ngoma na hotuba.

Tushukuru kwamba hakikuondoka. Kule Greenland, Robert Peary alipakia melini kimondo cha tani 31 mwaka 1897, na hadi leo kiko New York. Mifupa ya mijusi wa Tendaguru, Lindi, iko Berlin. Chetu kilikatwa vipande vya kupimwa tu, mwili wenyewe ukabaki Ndolezi.

Lakini nina neno na namna tunavyokisimulia. Tunamweleza mgeni habari za anga hadi anachoka, na watu wa chini tunawapitia juu juu. Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walikuwa wafua chuma hodari. Walijenga tanuru ndefu za udongo, wakachoma mawe yenye chuma kwa makaa ya miti, wakatoa majembe na shoka, hadi majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalipowaondoa sokoni. Hebu fikiria: donge la chuma la tani 16 limelala kilimani, na majirani zake wanahangaika kuchimba mawe na kuyayeyusha ili wapate jembe. Kimondo cha Hoba kule Namibia ni kikubwa kuliko chetu mara tatu na zaidi. Kwa uzito hatumwezi Mnamibia, ila kwa hadithi ya mhunzi na jirani yake wa chuma, tungeweza kumpa mgeni kitu ambacho hatakipata kwingine.

Sasa tuje Tunduma, mji ambao wengi huutaja kwa vumbi, malori na wabadilisha fedha. Hapa hakijadondoka chochote kutoka juu, na pengine ndiyo maana tumeamini hatuna la kuonyesha. Historia ya mji huu imepita barabarani na relini. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilibanwa njia yake ya kusini, na mafuta yakaanza kupita huku kwetu. Mapipa yalipakiwa kwenye malori Dar es Salaam, yakasukumwa juu ya barabara mbovu kiasi kwamba ilipachikwa jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1968 likaja bomba la mafuta la TAZAMA hadi Ndola. Mwaka 1970 ujenzi wa reli ya TAZARA ukaanza, mwaka 1973 mataruma yakafika hapa mpakani, na mwaka 1976 njia nzima ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa. Mji mdogo wa mpakani ukawa mlango wa kupumulia wa nchi nzima ya jirani. Hayo yote hayana hata kabati moja la vioo hapa mjini.

Na kabla ya reli kulikuwa na mpaka wenyewe, mstari waliokubaliana Wajerumani na Waingereza bila kumuuliza Mnyamwanga yeyote, mwenyeji wa pande zote mbili. Ukoo mmoja ukajikuta una shangazi Nakonde, upande wa Zambia, na mjomba Tunduma. Watu wanazika, wanaoza na kunywa pombe pande zote mbili kana kwamba nguzo za mpaka zimewekwa kwa ajili ya ng'ombe.

Ninachohofia ni muda. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipobeba mataruma mwaka 1970 amekwishavuka 75. Reli yenyewe iko kwenye mpango wa kufufuliwa na Wachina. Makubaliano ya awali yalitiwa saini Beijing Septemba 2024. Ni habari njema, ila ukarabati una tabia yake: taa za zamani, vibao, mashine za tiketi na madaftari ya stesheni huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu au motoni.

Nimeshasikia pingamizi: nani atakuja kutalii Tunduma? Huyo mtu yuko hapa tayari. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 kilikusudiwa kupunguza foleni, lakini nani asiyejua dereva wa lori anavyokaa hapa akisubiri karatasi zake? Anakunywa chai, anacheza bao, analala chini ya trela. Ana saa za kupoteza, na baba yake huenda aliendesha njia hiyo hiyo akiwa na mapipa.

Wala sipendekezi jengo la mabilioni. Iringa walichukua boma la Wajerumani, wakaligeuza makumbusho ya mkoa. Sisi hatuhitaji hata boma. Chumba kimoja karibu na stesheni kinatosha kuanzia. Naomba tu isiwe sanamu ya treni kwenye mzunguko wa barabara, maana hizo huzinduliwa kwa shangwe na baada ya mwaka zinaanikiwa nguo.

Kazi ya kwanza ni ya bei ndogo kuliko chumba: simu yenye kinasa sauti, na vijana wanaojua Kinyamwanga na Kinyiha wa kukaa na wazee. Walimu wa historia wa sekondari zetu wanaweza kuigawa kazi hiyo kwa wanafunzi likizo ijayo. Halmashauri ya Mji iiandikie TAZARA sasa, kabla mafundi hawajafika, iombe orodha ya vitu vya zamani vilivyobaki stesheni na ahadi ya maandishi kwamba havitauzwa kwa kilo.