“Ni Uzee Tu”: Hukumu Inayotolewa Bila Kesi

Mwaka juzi shangazi yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 78, aliamka asubuhi akaniita kwa jina la baba yake, aliyefariki kabla sijazaliwa. Hakukohoa wala hakulalamika maumivu. Alikuwa amekataa uji tangu jana yake, na ameanguka mara mbili akielekea uani. Tulimpeleka kituo cha afya. Tukapitishwa dirisha la wazee kwa heshima zote, muuguzi akamwekea kipimajoto kwapani, kikasoma nyuzi 36.6. “Hana homa, kaka,” akaniambia kwa upole. “Ni uzee tu. Bibi anahitaji kupumzika.” Tukarudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu na vya vitamini. Siku ya tatu shangazi alikuwa akihema kama aliyetoka kupanda mlima. Picha ya eksirei, katika hospitali nyingine, ilionyesha nimonia imelishika pafu lote la kulia. Siku ya tano tulikuwa makaburini.

Simshitaki muuguzi yule. Mimi mwenyewe, mtu wa vitabu, niliitikia kwa kichwa na nikafarijika. Ninachokishitaki ni ile sentensi, kwa sababu nimeisikia tangu utotoni ikitamkwa juu ya kila bibi na kila babu, na nimechelewa mno kuuliza inamaanisha nini.

Uzee, kwa hakika, ulikuwapo. Lakini uzee ulipaswa kutushtua, nasi tuliugeuza kuwa sababu ya kutulia. Mwili una kinga inayojifunza, ile tunayoizoeza kwa chanjo, na una kinga ya asili, mlinzi wa zamu anayeanza kupigana kabla adui hajatambuliwa kwa jina. Mwanasayansi Élie Metchnikoff aliwaona walinzi hao mwaka 1882 huko Messina, alipomchoma mwiba kiluwiluwi wa kiti cha pwani na kuona seli zikiuzingira. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, na katika miaka yake ya baadaye alishughulishwa sana na uzee, akihimiza watu wanywe maziwa ya mgando. (Bibi zetu wangemwambia hilo walikuwa wakilijua.)

Mlinzi huyo huzeeka. Ngozi hukonda, vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi kutoka kwenye njia ya hewa hupunguza kasi. Nyutrofili, seli nyeupe za mstari wa mbele, hazipungui sana kwa idadi, na watafiti wa Birmingham, Uingereza, walionyesha kuwa za wazee hutembea kwa mwendo uleule wa za vijana. Tatizo ni kwamba hupotea njia. Huzunguka ndani ya nyama ya mwili zikimwaga vimeng’enya vyake ovyo, mithili ya kikosi cha zimamoto kinachovunja milango ya majirani kikiitafuta nyumba inayoungua. Makrofaji nazo huchelewa kumtambua bakteria na kumla. Na juu ya yote hayo, mwili mkongwe huishi na moto wa chinichini usiozimika, hali ambayo Claudio Franceschi na wenzake waliipa jina mwaka 2000. Kinga yenyewe huwa imechoka kwa kupiga kelele kutwa kucha, kisha siku ya hatari haisikiki.

Hapo ndipo kipimajoto kinapotudanganya. Homa haitengenezwi na kijidudu peke yake. Ni seli za kinga zinazotuma ujumbe kwenye ubongo ili joto lipandishwe. Ujumbe ukiwa dhaifu, homa huwa ndogo au haiji kabisa. Aidha, wazee wengi huwa na joto la kawaida lililo chini kuliko la vijana. Kwa hiyo nimonia ya mzee mara nyingi huingia kwa sura nyingine: kuchanganyikiwa, kuanguka, kukataa chakula, kuhema haraka. Shangazi alikuwa nazo tatu za kwanza siku ileile tuliyoambiwa ni mzima.

Nitajibiwa kuwa nchi ni maskini na mtoto hutangulia. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama ningekuwa ninaomba mashine. Muuguzi wetu amefundishwa kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi: 50 kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi chini ya mwaka, 40 akiwa na mwaka hadi chini ya miaka 5. Anachohitaji ni saa na dakika moja. Madaktari wa Uingereza, wanapopima ukali wa nimonia ya mtu mzima nje ya hospitali, hutazama mambo manne: kuchanganyikiwa, pumzi kufika 30 kwa dakika, shinikizo la damu kushuka, na umri wa miaka 65 au zaidi. Joto la mwili halimo. Huko umri wenyewe ni alama ya hatari. Kwetu ni kibali cha kurudishwa nyumbani.

Tunayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, inayomtambua mzee kuanzia miaka 60. Tumempa dirisha lake na kuahidi matibabu bila malipo kwa asiyejiweza. Lakini nani aliyemfundisha aliyekaa nyuma ya dirisha hilo kwamba mwili ulio mbele yake una sheria zake? Chanjo ya nimonia tulianza kuwapa watoto mwaka 2013, na nilishangilia. Kwa mababu wa watoto hao, mjadala haujafunguliwa. Na sisemi mengi juu ya moshi wa kuni unaoyachosha mapafu ya bibi zetu kwa miaka 50 na kuyafanya macho yao mekundu, mekundu yaleyale ambayo Kanda ya Ziwa yamewagharimu wengine maisha kwa tuhuma za uchawi.

Wiki iliyopita nilipita kituo kile. Juu ya dirisha pameandikwa kuwa mzee apishwe. Ukutani ipo chati ya pumzi za watoto, imefifia kwa kutumika. Nikauliza kama ipo ya wazee. Muuguzi, mwingine huyu, alizungusha macho kuta zote nne, akafungua droo, akaifunga, akasema labda ipo wilayani.