Dawa ya Saratani Isiitwe Muujiza

Kila dawa mpya ya saratani inapotangazwa, hatukosi wanaoshangilia kana kwamba ugonjwa wenyewe umezikwa, wala wanaobeza kwamba ni biashara ya matajiri tu. Wote hao wanamdhulumu mgonjwa. Hebu tukitazame kisa cha kampaundi iitwayo ONC201.

Mwilini mwetu mna protini ijulikanayo kama TRAIL, ambayo huziamrisha seli za uvimbe zijiue na kuziacha zilizo nzima. Wataalamu waliwahi kuitengeneza na kuwadunga wagonjwa, lakini protini hiyo haidumu mwilini, na ubongoni haipenyi kwa urahisi. Ndipo kundi la Profesa Wafik El-Deiry, nchini Marekani, likatafuta kemikali ndogo ya kuufanya mwili wenyewe uitoe kwa wingi. Walipekua hazina ya kampaundi za Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo, na mwaka wa 2013 wakatangaza kuwa wameipata. Wala haikuwa ngeni. Ilikuwa imetajwa katika hataza ya Ujerumani ya miaka ya 1970, kisha ikatupwa kabatini. Akiba haiozi!

Mwaka uliofuata, watafiti wa Scripps, California, waliiunda upya kwa kufuata mchoro uliochapishwa. Haikufanya lolote. Mchoro ulikuwa na kosa: pete za molekuli zilionyeshwa zimenyooka mstari mmoja, ilhali dawa yenyewe ina kona. Baadaye ikabainika kwamba haitegemei TRAIL peke yake, kwani huvuruga pia mitokondria, yaani tanuri la nguvu ndani ya seli. Mwenye papara angesema tumedanganywa. Mimi naona kwamba dawa inayokaguliwa na mahasimu, ikakosolewa na bado ikasimama, ndiyo ya kuaminiwa.

Mnamo Agosti 2025, Marekani iliiidhinisha kwa jina la dordaviprone. Ni kwa uvimbe mmoja tu wa ubongo, wenye mabadiliko ya kijeni yaitwayo H3 K27M, uliozidi kukua hata baada ya matibabu mengine. Uvimbe huo huwashika zaidi watoto na vijana. Kati ya wagonjwa 50 waliotathminiwa, asilimia 22, yaani 11, ndio ambao uvimbe wao ulinywea vya kutosha.

Kwa ugonjwa ambao haukuwa na dawa yake hata moja, 11 si haba. Lakini mzazi asomaye kwamba “tiba ya saratani ya ubongo yapatikana” atajuaje habari za wale 39? Atajuaje kwamba kibali hicho ni cha masharti, kikingojea majaribio makubwa zaidi? Huenda akauza shamba kabla ya kumwuliza daktari kama uvimbe wa mwanawe umepimwa jeni.

Wahariri wetu na watuambie ni saratani ipi, wametibiwa wangapi, wamenufaika wangapi. Na iwapo nafasi ya tarakimu hizo haipo leo, habari hiyo na ingoje toleo la kesho.