JIKO NA MFUKO: Hela ya asubuhi inaishia wapi?

Mwezi uliopita mimi na baba watoto tulibishana sana. Yeye alisema hela inaishia kwenye sabuni, mimi nikasema ni vocha zake za simu. Basi tukachukua daftari la mtoto lililobaki kurasa chache, tukaandika kila shilingi inayotoka, mwezi mzima.

Jamani, wote wawili tulikosea! Sabuni ilikuwa kidogo, vocha kiasi (kiasi, sikusema hakuna). Kilichotumaliza ni maandazi ya asubuhi. Tuko sita. Andazi moja 200, kwa siku ni 1,200, kwa siku 30 ni 36,000. Na ili tupate hiyo hela, wiki ya kwanza baada ya mgao tuliuza mafuta. Wiki ya nne tukayanunua tena, kwa vipimo vidogo, kwa bei kubwa kuliko tuliyouzia.

Hili si la wakimbizi peke yao. Mwaka 1857 Mjerumani mmoja, Ernst Engel, alichunguza matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji. Akaona kadiri kipato kinavyokuwa kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi inavyoliwa na chakula. Kwa hiyo ukiona daftari lako limejaa chakula tupu, usijione mjinga.

Sasa tukaanza kuoka wenyewe. Vikombe 4 vya unga wa ngano, karibu nusu kilo, hamira vijiko 2 vya chai, sukari vijiko 2 vikubwa, chumvi kijiko 1 cha chai, maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na kitu. Maji yakiunguza kidole yataua hamira. Kanda mpaka uache kushika mikono, funika saa nzima uumuke. Kikombe kimoja cha ngano unaweza kukibadilisha na unga wa mahindi wa mgao. Usizidishe hapo, mahindi hayavutiki kama ngano, mkate utakuwa tofali.

Mkate wangu wa kwanza uliungua chini, katikati mbichi. Watoto walikula hivyo hivyo, mmoja akauliza kama ni ugali. Kosa langu ni moto mwingi chini. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, juu yake sufuria ndogo yenye mkate, iliyopakwa mafuta kijiko kimoja tu. Funika, kisha makaa mengi yawe juu ya kifuniko, chini machache. Dakika 40 hivi. Choma katikati kwa kijiti, kikitoka kikavu umeiva.

Hesabu yake: unga 1,000, hamira na sukari 500. Mkate mmoja vipande 12, tunakula asubuhi mbili. Maandazi ya asubuhi mbili ni 2,400, kwa hiyo tunabakiza 900. Kwa mwezi ni 13,500. Bei za sokoni kwenu zikiwa nyingine, piga upya.

Lakini ukinunua mkaa wa 1,000 kwa kuoka mkate mmoja, umepata hasara! Na kwenda kutafuta kuni mbali nje ya kambi kwa ajili ya mkate, hapana. Akina mama mnajua yanayotokea huko. Sisi tunaoka jioni, maharage yakishaiva, kwa makaa yale yale yaliyobaki. Majirani wawili wameungana nasi, leo kwangu, kesho kutwa kwa mama wa nyumba ya pili. Jiko likishapata moto, mkate wa pili hauli makaa mengi.

Mafuta ya mgao huu hatujayauza. Baba watoto ameanza kuuliza ile 13,500 iko wapi. Nimemwambia iko kwenye kopo, na kopo nimelificha, ni ya viatu vya shule.

Mwezi ujao: kuloweka maharage usiku ili yaive upesi.